Mnyauko wa migomba (unyanjano): maswali ninayoulizwa kila siku na majibu yake

Haya ni maswali ambayo watu wenye migomba wananiuliza, wengine shambani, wengine kwa simu saa mbili usiku wakiwa wameshachanganyikiwa. Nimejaribu kujibu kama ninavyojibu tukiwa tumesimama chini ya mgomba wenyewe, kwahiyo pengine majibu ni marefu, vumilieni tu.

Huu ugonjwa ni kitu gani hasa?

Ni bakteria. Sio fangasi, sio kirusi, sio mchwa, na wala hamna mtu amekuloga shamba. Kitaalamu anaitwa Xanthomonas, kwenye maandishi ya zamani utakuta Xanthomonas campestris pv. musacearum, siku hizi wataalamu wamemuhamishia kwenye kundi la vasicola ila ni yule yule. Anaingia ndani ya mgomba kwenye ile mishipa inayopandisha maji, anazaliana humo mpaka mishipa inaziba, maji hayapandi tena, basi majani yananyauka kama yamemwagiwa maji ya moto. Ndo mana unaitwa mnyauko. Kagera tunauita unyanjano, Rwanda wanasema kirabiranya, Waganda wanaita kiwotoka. Majina tofauti, kilio kile kile.

Ulitoka wapi? Mbona wazee wetu hawakuujua?

Wazee wetu hawakuujua kwa sababu haukuwepo. Kwao ni Ethiopia, kwenye mmea unaoitwa enseti, unafanana sana na mgomba ila watu hawali tunda lake, wanakula tunguu (ile sehemu nene ya chini ya ardhi) na shina. Watafiti waliuandika rasmi kwenye enseti mwaka 1968, alafu 1974 kwenye migomba ya huko huko. Miaka mingi ukatulia Ethiopia. Halafu 2001 ukaonekana Mukono, Uganda, na mwaka huo huo Masisi kule Kivu Kaskazini, Kongo. 2005 Rwanda. 2006 ukawa Kagera na magharibi mwa Kenya. 2010 Burundi.

Angalia hiyo miaka vizuri. Ndani ya miaka 10 ukanda wote wa maziwa makuu, watu ambao ndizi kwao ni chakula cha asubuhi, mchana na usiku, wote wameguswa. Na huyu bakteria hana mabawa. Nyuki anaweza kumtoa mgomba mmoja kumpeleka wa jirani, sawa, lakini kuvuka wilaya nzima na mipaka ya nchi ni sisi tunaombeba, kwenye machipukizi tuliyofunga nyuma ya baiskeli, kwenye mikungu iliyopakiwa na ua dume lake (lile linaloning'inia mwisho wa mkungu), kwenye majani ya kufunikia mzigo, na kwenye mapanga. Hapo kwenye mapanga ntarudi, maana ndo penyewe.

Ntajuaje kama mgomba wangu unao?

Inategemea umeingilia wapi, na hili watu wengi hawaambiwi.

Kama umeingilia juu kwenye ua (wadudu), dalili zinaanzia juu. Ua dume linasinyaa, linakauka na kuwa jeusi, kile kikonyo kinachobeba mkungu ukikikata ndani kina rangi ya njano au kahawia, alafu ndizi zinaanza kuiva kabla ya wakati, moja ya njano katikati ya mbichi, bila mpangilio. Ukiipasua hiyo ndizi ndani ina rangi ya kutu, ngumu, haifai. Majani kwa wakati huo yanaweza kuwa mazuri kabisa, kwahiyo mtu anapita chini anasema shamba langu halina ugonjwa, kumbe hajainua macho.

Kama umeingilia chini au pembeni (panga, jembe, chipukizi lililopandwa likiwa nao tayari), majani ndo yanatangulia. Jani linapoteza nguvu, linageuka njano iliyofifia, linakunjika kwenye mshipa wa kati na kuning'inia. Mara nyingi hata mgomba mdogo ambao haujazaa unaonyesha hivi.

Kipimo cha kuhakikisha ni kimoja na hakina gharama. Kata shina kwa upana, subiri dakika 5 mpaka 15, angalia pale palipokatwa. Ukiona usaha wa rangi ya njano au maziwa unachuruzika kidogo kidogo, ndo wenyewe. Na hilo panga ulilokatia usilipeleke popote kabla hujalichoma moto, nawaomba sana, nimeona mtu anapima mgomba mmoja mgonjwa alafu anageuka kupima wa pili uliokuwa mzima ili alinganishe. Kashausambaza palepale.

Si inaweza kuwa mnyauko wa Panama? Au ukame tu?

Inaweza, ndo mana kipimo cha usaha ni muhimu. Panama ni fangasi wa kwenye udongo. Wenyewe unaanza na majani ya zamani, yale ya chini, yanakauka kuanzia pembeni na kuning'inia kama sketi kuzunguka shina, na mara nyingi shina linapasuka kwa chini. Ukikata ndani unaona nyuzi za kahawia au nyekundu nyekundu lakini hamna usaha, na ndizi zenyewe ndani haziwi na ile kutu. Tena matoke zetu za asili za nyanda za juu kwa kawaida Panama haizisumbui sana, inapenda zaidi aina kama kisukari na za pombe. Kwahiyo ukiona matoke ya kupika inanyauka na ina usaha, usijidanganye na Panama.

Ukame unanyausha shamba zima kwa pamoja na mvua ikinyesha linaamka. Fukusi, yule mdudu, anatafuna tunguu mgomba unaanguka, ukichimba unakuta mashimo. Huu wetu unachagua shina hapa, shina pale, na hauamki.

Unaambukizwaje?

Njia kubwa ni tatu.

Ya kwanza wadudu. Nyuki wakubwa kwa wadogo, nyigu, nzi wa matunda wanafuata utomvu mtamu kwenye ua dume. Kila siku ua dume linaangusha magamba na maua yake na kuacha vidonda vibichi, mdudu aliyetoka kwenye ua gonjwa anakanyaga hapo na bakteria anaingia. Ndo mana ile aina ya pombe ambayo Uganda wanaita kayinja (Pisang Awak) iliteketea vibaya sana, maua yake yanadondoka hovyo na kuacha vidonda wazi, wakati aina ambazo magamba na maua yake hayadondoki, kama Cavendish fupi, wadudu hawaziambukizi kirahisi. Sehemu za juu sana, kama mita 1,700 na kuendelea, wadudu hawa wanapungua na njia hii inakuwa ndogo.

Ya pili machipukizi. Mtu amekupa chipukizi zuri la bure, linang'aa, lakini mama yake anaumwa. Chipukizi linaweza kukaa na bakteria wiki kadhaa hata miezi bila kuonyesha kitu. Unalipanda mwenyewe kwa mikono yako.

Ya tatu vifaa: panga, kisu, jembe, mundu. Na hii ndo inayoniumiza moyo maana ndo rahisi kuzuia na ndo tunayoipuuza. Fikiria kazi za kawaida za kibanja, yaani shamba la migomba. Asubuhi unapogoa majani, unang'oa machipukizi ya ziada, unakata mkungu, unakata jani la kufunikia chungu, unakatia mbuzi shina. Mgomba mmoja unakatwa labda mara 20 kwa mwaka na panga lile lile linalokata mingine yote 300. Panga likipita kwenye mgonjwa mmoja tu, linaacha bakteria kwenye kila kidonda kinachofuata. Bakteria anaweza kukaa hai kwenye chuma zaidi ya wiki mbili. Sasa ongeza vibarua wanaotoka shamba hadi shamba na panga zao, ongeza wachuuzi wanaokuja kujikatia mikungu wenyewe, ongeza jirani aliyeazima panga jana usiku. Shamba langu mwenyewe la kule chini liliingiwa hivyo, sikununua chipukizi lolote, maua nilikuwa nakata kila wiki, lakini niliita vijana wanisaidie kupogoa kabla ya mvua na sikuuliza walikotoka. Baada ya mwezi na kitu majani yakaanza kulala kwa mstari, mgomba baada ya mgomba, kufuata njia ile ile waliyopita. Ule mstari sitausahau.

Mifugo nayo ipo, mbuzi aliyetafuna mgonjwa akaenda kutafuna mzima anabeba utomvu mdomoni. Na maji yanayotiririka kutoka kwenye mabaki yaliyotupwa juu ya mteremko. Ila ukibana hizo tatu za kwanza umebana karibu kila kitu.

Dawa yake ni ipi? Nipulize nini?

Hamna. Najua sio jibu unalotaka lakini hamna dawa ya kuponya mgomba ulioshikwa. Bakteria yuko ndani ya mishipa, ukipulizia majani unaosha majani tu. Majivu, mkojo wa ng'ombe, pilipili, chumvi, sabuni, vyote nimeona vinajaribiwa na kuna watu wanauza chupa wakiapa kwamba inatibu, jamani hiyo hela nunua jiki. Mbolea na maji vinasaidia mgomba mzima uwe na nguvu, ila mgonjwa haviuponyi.

Sasa nifanye nini? Naomba hatua zinazoeleweka.

Ua dume, moto, na kuondoa mgonjwa. Nieleze moja moja.

*Ua dume.* Mkungu ukishamaliza kutoa chane za mwisho, lile ua la chini livunje. Halina kazi tena. Usitumie panga wala kisu, tafuta kijiti kirefu chenye panda kwenye ncha, ingiza kikonyo kwenye panda, zungusha mpaka kikatike. Kwa kijiti huna makali yanayobeba utomvu kutoka mgomba hadi mgomba. Fanya mapema, ukichelewa wiki tatu nne wadudu wameshakutangulia. Wazee wengi wananiambia ua likiondolewa ndizi haziwi nzuri au pombe inakuwa nyepesi, nawaheshimu lakini kwa ujazo wa ndizi ni kinyume chake, chakula kilichokuwa kinakwenda kwenye ua kinarudi kwenye chane na ndizi zinanenepa. Jaribu kwenye mikungu kumi uone mwenyewe.

*Moto.* Washa moto mdogo pembeni ya eneo unalofanyia kazi, kila ukimaliza shina moja pitisha panga kwenye moto mpaka likiwa la moto huwezi kuligusa. Kama moto ni shida, jiki: kikombe 1 cha jiki na vikombe 5 vya maji kwenye ndoo, chovya panga. Maji ya jiki yakichafuka badilisha, hayafanyi kazi tena yakiwa matope. Mtu anasema inachelewesha kazi. Ndio, inachelewesha. Kama una mapanga mawili moja linakaa kwenye moto wakati lingine linafanya kazi, unapokezana, wala huoni muda. Na kama shamba lina ugonjwa saivi, kwa miezi michache acha kabisa kupogoa na kung'oa machipukizi, kata kile cha lazima tu.

*Kuondoa mgonjwa.* Hili linahitaji swali lake.

Ning'oe shina lote na watoto wake, au nikate ule mmoja tu?

Zamani tuliambiwa ng'oa kila kitu, mama, watoto, tunguu, yaani kichaka chote. Inafanya kazi, lakini nani ana nguvu hizo? Tunguu la mgomba mkubwa unachimba nusu siku, mama mjane mwenye migomba 40 iliyougua unamwambia achimbe yote, atakuangalia tu alafu atauacha ugonjwa uendelee. Na ndivyo ilivyokuwa sehemu nyingi, watu walificha migomba yao wagonjwa wakiogopa kuja kung'olewa shamba lote.

Baadae watafiti waliofanya kazi Kivu na kwingineko wakaona kitu muhimu sana: kwenye kichaka kimoja sio mashina yote yanapata. Hasa kama umeingilia kwenye ua, bakteria anachukua muda kushuka mpaka kwenye tunguu, ukiwahi kukata lile shina moja kabla hajafika chini, ndugu zake wengi wanapona. Kwahiyo ushauri wa sasa kwa shamba ambalo ugonjwa bado mchache ni huu: kata shina linaloumwa pekee, usawa wa udongo, toboa au ng'oa kiini cha pale katikati lisichipue tena, choma panga, nenda la pili. Rudi kila wiki bila kukosa. Kila shina jipya litakaloonyesha dalili kata hapo hapo. Miezi ya mwanzo utaona kama haupungui, usikate tamaa, mashina yaliyokuwa yameshaambukizwa kimya kimya yanajitokeza, baada ya hapo idadi inashuka mpaka unapata moja moja kwa mwezi.

Lakini kama sehemu kubwa ya shamba imeshakwenda, kukata mmoja mmoja hakutakuokoa, hapo toa migomba yote kwenye hicho kipande na upande kitu kingine kwanza.

Mashina uliyokata usiyatupe barabarani wala mtoni na usimpe jirani kwa ajili ya ng'ombe. Yalundike hapo hapo shambani sehemu moja mifugo isifike, yaoze.

Ndizi za mgomba unaoumwa zinaliwa? Zinaweza kunidhuru?

Bakteria huyu hana shida na binadamu wala mifugo, anajua mimea tu. Ila ndizi iliyoshikwa ndani ina kutu, ngumu, ladha mbaya, kwahiyo hailiki yenyewe. Mkungu wa shina zima la pembeni kula bila hofu. Shida ni kuusafirisha: usipeleke mkungu sokoni ukiwa na ua dume, wala usiufunike kwa majani ya shamba lenye ugonjwa.

Kuna aina ya ndizi isiyoshikwa?

Kwa ndizi tunazolima, hamna iliyo salama kabisa. Kuna zinazokwepa wadudu kwa sababu ya ua lake, kama nilivyosema, lakini ukizikata na panga chafu zinaumwa kama nyingine. Mgomba pori mmoja, Musa balbisiana, ndo una ukinzani wa kweli ila matunda yake yamejaa mbegu.

Miche ya maabara, ile wengine wanaita miche ya chupa, naulizwa sana. Ni mizuri kwa sababu inakuja ikiwa safi. Safi sio sugu! Ukiipanda kwenye shamba lenye ugonjwa au ukaipogoa na panga la jana, inakufa kama mingine.

Nimesikia kuna ndizi za GMO (zilizobadilishwa jeni maabara) zinazostahimili, zipo wapi?

Zipo kwenye utafiti. Watafiti wa IITA (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo) wakishirikiana na NARO, shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, walichukua jeni kutoka pilipili hoho wakaziweka kwenye migomba, majaribio ya shambani yalianza Kawanda, Uganda, mwaka 2010 na baadhi ya migomba hiyo ilistahimili vizuri sana. Dukani bado, mkulima hana pa kuipata. Kwahiyo usisubiri hiyo, kijiti na moto unavyo leo.

Mimi nafanya yote hayo ila jirani yangu hafanyi. Si ninajisumbua bure?

Bure sio, lakini ni kweli unabeba mzigo wa watu wawili. Ua dume lake lililoachwa wazi ndo duka la nyuki wanaokuja kwako. Panga lake hulitumii, hilo unaliweza, wadudu huwawezi.

Kilichofanya kazi nilipopaona ni watu kukubaliana siku moja ya wiki, majirani kumi kumi na tano wanapita mashamba yote pamoja, kila mtu na kijiti chake, mwenye shamba ndo anakata mwenyewe kwa panga lake mwenyewe. Hamna anayeaibishwa. Aibu ndo inaua mashamba huku, mtu anaona shina limelala analikata usiku na kulificha, panga halichomi maana moto utaonekana. Sehemu nyingine zimetunga sheria ndogo za kulazimisha na zimesaidia, ila sheria ikija na faini tu bila mtu wa kumsaidia huyo bibi kukata migomba yake, watu wataficha zaidi. Ukiona kwa jirani, nenda na kijiti chako umsalimie vizuri, mwambie mzee nimekuja tuangalie migomba yako na yangu. Anza na yako.

Nimeondoa yote. Nipande ndizi tena lini?

Bakteria peke yake kwenye udongo hadumu sana, ni miezi michache, kama mitatu minne, ila kwenye mabaki ya shina na tunguu yasiyooza anakaa zaidi. Kwahiyo subiri angalau miezi 6 na uhakikishe kila chipukizi linalojitokeza kwenye visiki vya zamani unaling'oa, maana ukiliacha hata moja ni kama hukuondoa kitu. Wakati huo panda mahindi, maharage au viazi vitamu, utapata chakula na udongo utapumzika. Ukirudi na migomba chukua miche safi kutoka chanzo unachokijua, panda kidogo kwanza, na hiyo miche mipya iwe na panga lake ambalo halitoki kwenye hicho kipande kwenda kokote, hata akija shemeji kuliazima.